Lugha ya Rangi katika Motokaa

Watu wengi hudhani kwamba uhakiki ni kazi ya vitabu peke yake, na kwamba mtu akishatoka katika chumba cha darasa, ambamo tamthilia na tenzi husomwa, hana tena kitu cha kuhakiki. Sikubaliani nao. Kila kitu kilichoundwa na binadamu ili kumwambia binadamu mwenzake jambo chaweza kupimwa kama kitabu kipimwavyo. Je, chasema kweli? Chasema kwa wakati wake? Maneno yake yatosha, au yamezidi hata hayasikiki? Kwa jicho hilo, msomaji, nataka tuitazame motokaa. Si injini yake, wala mwendo wake, wala bei yake, bali zile rangi na alama zilizotiwa ndani na nje yake kwa ajili ya kulinda uhai wa watu. Rangi hizo ni lugha, nayo lugha hiyo ina wasemaji wake wazuri na waropokaji wake.

Tuanze na kitu kidogo kabisa. Siku utakapoketi katika motokaa, vuta mkanda wa usalama, uufunge, kisha uinamishe macho utazame bizimu lake, yaani kile kifungio kilicho ubavuni pako karibu na nyonga. Aghalabu utaona kwamba mkanda ni mweusi au wa kijivu, kiti ni cheusi au cha kijivu, na bizimu lenyewe ni jeusi. Katika weusi huo wote pana doa moja tu la rangi: kitufe chekundu, kipana kidogo kuliko dole gumba, ambacho hubonyezwa mkanda ukafunguka.

Kwa nini kiwe chekundu? Mtoto wa shule ya msingi atajibu upesi kwamba nyekundu ni rangi ya hatari. Lakini fikiri tena. Hapo palipo na kitufe hapana hatari yoyote. Mkanda ni kinga, na kitufe ni mlango wa kutokea. Taa nyekundu ya njia panda hukuambia usimame. Kitufe chekundu cha mkanda hukuonyesha pa kufungulia. Maana hizi mbili ziko mbalimbali kabisa, na hata hivyo sijamwona mtu aliyechanganyikiwa nazo. Sababu yake, nionavyo mimi, ni kwamba wekundu wenyewe hausemi "hatari" wala "simama". Husema neno la asili zaidi kuliko hayo: "Tazama hapa kwanza." Mengine yote huongezwa na mahali unapoonekana.

Tena wekundu huo haukuwekwa kwa ajili yako wewe uliyeketi salama. Mwenye motokaa huufungua mkanda wake kila siku pasipo kutazama. Mkono wake wapajua mahali pake kama ulimi ujuavyo meno. Rangi yamfaa zaidi mgeni: mpita njia, askari, au muuza mahindi wa kando ya barabara, atakayeikimbilia motokaa iliyopinduka, aingize mkono dirishani katika vumbi na moshi, asijue motokaa hiyo ilitengenezwa nchi gani wala aliyemo ndani ni nani. Mgeni huyo hana nafasi ya kusoma maelezo. Yampasa aone doa moja, abonyeze.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mkanda wa ncha tatu, ule upitao kifuani na mapajani, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden ambaye kabla ya kuajiriwa na Volvo alikuwa akiunda viti vya kuwarusha marubani kutoka katika ndege zinazoanguka. Mkanda wake ulianza kutiwa katika motokaa za kampuni hiyo mwaka 1959, na kampuni ikakubali wengine watumie ubunifu huo bila malipo. Lakini mikanda ya siku zile ilifunguliwa kwa namna nyingi. Mmoja kwa kuinua kibati, wa pili kwa kuvuta, wa tatu kwa kubonyeza. Baadaye Kanuni ya 16 ya Umoja wa Mataifa, ihusuyo mikanda ya magari, iliagiza kwamba mahali pa kubonyeza pawe pekundu. Kisha ikaongeza sharti fupi ambalo mimi nalihesabu kuwa bora kuliko yote niliyoyasoma katika maandishi ya usalama wa magari: kwamba sehemu nyingine yoyote ya bizimu hilo isiwe na rangi hiyo.

Lishike sharti hilo, maana ndilo litakalokuwa mizani yetu katika mengine yote. Haitoshi kitufe kupewa wekundu. Lazima majirani zake waunyimwe. Neno likisemwa katika chumba kimya husikika hata likinong'onwa, bali likisemwa sokoni hupotea hata likipigiwa kelele.

Siwezi, hata hivyo, kuusifu mkanda wote kwa sababu ya kitufe chake. Kwa nini utepe wenyewe uwe mweusi? Watengenezaji wameuvika usalama nguo za msiba ili usiharibu mapambo ya ndani ya motokaa. Wapo wachache, hasa waundao motokaa za mbio na za fahari, ambao hutia mikanda ya manjano au myekundu, lakini nadhani hufanya hivyo kwa kujishaua tu. Ni jambo jema lifanywalo kwa sababu mbovu. Utepe wa manjano ukipita juu ya shati huonekana na kila mtu. Mzazi aliye kwenye usukani atamwona mtoto wake kiti cha nyuma kwa kutupa jicho moja katika kioo, na askari aliyesimama kando ya barabara hatahitaji kuinama. Utepe mwekundu siupendekezi, kwa kuwa utakimeza kitufe chake.

Jambo hili lina uzito zaidi katika magari yetu ya abiria. Mwaka 2003, John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zilitolewa kanuni mpya za matatu, zikaanza kutekelezwa Februari 2004, na watu wakaziita kwa jina lake. Ziliamuru mikanda katika kila kiti, vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni mwa gari. Mikanda ikatiwa. Lakini itafute leo katika matatu nyingi: imelala chini ya viti kama nyoka waliokufa, myeusi juu ya sakafu nyeusi, imeshiba vumbi na matope ya viatu. Abiria aliyevaa shati jeupe huikwepa. Akiona kizuizi cha polisi huokota ncha moja akaiweka mapajani, na kizuizi kikipitwa huiachia ianguke ilikotoka. Wengi humlaumu abiria huyo, nami simwondolei lawama yake. Ila nasema pia kwamba kitu kilichoundwa kisionekane kisishangaliwe kwa kutoonekana.

Sasa tushuke twende nyuma ya motokaa, huko ambako lugha ya rangi husemwa kwa mtu asiyeweza kuuliza swali. Dereva anayekufuata hawezi kukwambia, "Sikukusikia, hebu sema tena." Ana muda wa kupepesa macho mara moja au mbili, na katika muda huo yampasa ajue mambo manne: kwamba upo, kwamba unafunga breki, kwamba unataka kugeuka, au kwamba unarudi nyuma. La mwisho limepewa rangi nyeupe, na hilo halina taabu. Taabu imo katika matatu ya kwanza.

"Nipo" husemwa kwa taa nyekundu hafifu. "Nafunga breki" husemwa kwa taa nyekundu kali. Yaani maneno mawili yenye maana za mbali sana, moja la kukaa tu na jingine la kuokoa roho, yametofautishwa kwa ukali wa sauti peke yake. Hebu fikiri kama katika lugha yetu neno "karibu" na neno "kimbia" yangekuwa neno moja, ila la pili latamkwa kwa nguvu zaidi! Mchana hakuna udhia, kwa kuwa taa ya "nipo" imezimwa. Usiku wa mvua, kioo kikiwa kimejaa matone na taa ya jirani imeshika vumbi, dereva wa nyuma hulazimika kukisia.

Kugeuka ndiko kunakoonyesha tofauti ya akili za watu. Kanuni za Umoja wa Mataifa, zifuatwazo Ulaya na kwingineko, zataka taa ya nyuma ya kuonyesha kugeuka iwe ya manjano iliyokolea, nayo ndiyo tuionayo katika motokaa nyingi ziletwazo Kenya kutoka Japani. Marekani sheria yaruhusu ama manjano ama nyekundu. Kwa hiyo zipo motokaa huko ambazo taa moja nyekundu ndiyo isemayo "nipo", ndiyo isemayo "nafunga breki", na ikianza kumwekamweka ndiyo isemayo "nageuka". Mwaka 2009 idara ya usalama barabarani ya serikali ya Marekani ilichapisha uchunguzi wake, ikaona kwamba motokaa zenye taa za manjano zilipungukiwa na ajali za kugongwa nyuma wakati wa kugeuka au kubadili njia kwa asilimia 5.3. Hesabu hiyo yaweza kuonekana ndogo. Lakini ni faida iliyopatikana kwa rangi ya kipande cha plastiki, pasipo chuma kipya wala dereva mpya, nami sioni udhuru wa kuiacha. Ukiuliza kwa nini wengine waliiacha, jibu ni umbo: sehemu ya nyuma yote ikiwa nyekundu huonekana nadhifu, na taa moja yenye kazi tatu hugharimu kidogo. Hapo sharti la bizimu limevunjwa waziwazi. Wekundu umepewa majirani, na majirani hao ni wekundu.

Reli zilijifunza somo la namna hii zamani. Katika karne ya 19 reli za Uingereza zilitumia taa nyeupe kumwambia dereva wa gari la moshi kwamba njia i wazi, na kijani kumwambia awe na hadhari. Lakini taa nyeupe ilifanana na taa yoyote ya nyumba au ya mtaani. Tena kioo chekundu kikivunjika na kuanguka, taa ya kusimamisha hugeuka kuwa nyeupe, ikasema "pita" mahali pa "simama". Basi weupe ukavuliwa cheo, na kijani kikapandishwa kuwa rangi ya njia iliyo wazi.

Yuko na msomaji mwingine ambaye waundaji humsahau: mtu ambaye macho yake hayabainishi nyekundu na kijani vizuri. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, mwanamume mmoja katika kila 12 hivi ana hali hiyo. Mtu kama huyo huzisoma taa za njia panda kwa mahali zilipo, ya juu, ya kati, ya chini. Kwa ajili yake, na kwa ajili yetu sote tukichoka, rangi isiachwe ifanye kazi peke yake. Ipewe mahali na umbo.

Na hapa ndipo nifikapo penye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, John Voevodsky, alitia taa ya ziada chini ya kioo cha nyuma cha teksi kadhaa za San Francisco, iwake dereva akanyagapo breki. Teksi hizo ziligongwa nyuma mara chache mno kuliko zile zisizokuwa na taa hiyo; upungufu ulipita nusu. Majaribio ya serikali yaliyofuata yalitoa matumaini ya namna ile ile, na kuanzia motokaa za mwaka 1986 taa ya tatu ya breki ikawa lazima Marekani. Leo waiona katika karibu kila motokaa, katikati, juu ya buti au ndani ya kioo. Je, ajali za kugongwa nyuma zilipungua kwa nusu? La, hasha. Mwaka 1987 upungufu ulihesabiwa kuwa asilimia 8.5, na baada ya miaka michache ulitulia kwenye asilimia 4.3.

Ni nini kilichotokea? Sehemu kubwa ya nguvu ya taa ile ilikuwa ni ugeni wake. Teksi chache zenye taa ya tatu katika mji wa magari yenye taa mbili zilikuwa kama mtu aliyevaa kanzu nyekundu katika umati wa kanzu nyeupe. Kila mtu alipovaa nyekundu, jicho likazoea. Faida iliyobaki, ile asilimia 4.3, ndiyo faida ya kweli ya taa hiyo, nayo haitokani na wekundu bali na mahali: iko juu, imetengwa na taa za "nipo", na haiwaki ila kwa breki. Ni neno lenye maana moja. Wekundu mpya huchuja. Mahali pake pa peke yake hapachuji.

Kwa hiyo nionapo madereva wetu wakitia taa za breki zinazomwekamweka kama taa za sherehe, au wakizungushia bati la nyuma nyuzi za taa nyekundu na buluu, hunijia huzuni ya mwalimu asomaye insha yenye alama ya mshangao mwisho wa kila sentensi. Wengine hufanya kinyume chake, hupaka taa rangi ya moshi ili motokaa ionekane ya siri na ya kutisha, na breki yao ikawa ni mnong'ono. Naomba nisieleweke vibaya. Sanaa ya matatu za Nairobi naipenda; sura za wanamuziki na wachezaji mpira zilizochorwa ubavuni, herufi zilizopinda, na rangi zisizo na haya, ni fahari ya vijana wetu na mjini hazina mfano. Chora ubavu wote upendavyo. Ila nyuma, nyekundu na manjano ya taa si mali ya mchoraji. Ni mali ya mtu anayefuata.

Turudi ndani, mbele ya dereva. Katika dashibodi rangi zimegawanyika kwa desturi iliyoenea duniani: nyekundu kwa jambo lisilongoja, kama breki au mafuta ya injini, manjano kwa hitilafu itakayo fundi, kijani kwa kitu kifanyacho kazi kama kipasavyo, na buluu kwa taa za mbele zenye mwanga mrefu. Hiyo buluu naisifu. Imepewa kazi moja tu, nayo yamkumbusha dereva si juu ya usalama wake bali juu ya macho ya mwenzake anayekuja upande wa pili. Ole wetu kwamba wengi huiona wakaiacha ikiwaka.

Manjano ndiyo iliyoharibika. Motokaa nyingi zilizokwisha kutumika hushushwa Mombasa zikiwa na taa moja ya manjano imewaka tangu huko zitokako, na mnunuzi huambiwa, "Hiyo si kitu." Baada ya mwezi haioni tena. Kelele za mlango hazimkatazi mwenye nyumba kulala. Siku taa ya pili ya manjano itakapowaka, itapokewa kama mgeni wa mgeni. Wapo hata wauzaji ambao huzibandika karatasi nyeusi taa hizo, au huzitoa kabisa. Na taa ya mfuko wa hewa ikiisha kunyamazishwa namna hiyo, mwenye motokaa hawezi kujua kwamba mfuko wenyewe haupo.

Motokaa hizo hizo zatufundisha jambo jingine. Kunjua kile kibao cha kuzuia jua juu ya dereva, utakuta kibandiko cha onyo la mfuko wa hewa kilichoandikwa kwa Kijapani. Washa injini, na sauti ya mwanamke itakuamkia kwa Kijapani juu ya kadi ya kulipia barabara za kwao. Maneno hayo yalitungwa kwa uangalifu na watu wenye nia njema, nayo yote ni bure kwa dereva wa Nakuru. Lakini katika kibandiko kile kile mara nyingi mna picha ndogo ya kiti cha mtoto kilichogeuzwa nyuma, imepigwa mstari mwekundu, na picha hiyo huvuka bahari salama. Kiti kama hicho kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa. Hata asiyejua kusoma huelewa.

Pana rangi nyingine ambazo huenda usizione kamwe, nazo ndizo zilizoandikwa vizuri zaidi baada ya kile kitufe cha mkanda. Viungio vya nyaya za mifuko ya hewa, kwa desturi ya viwanda, ni vya manjano. Nyaya za umeme mkali katika motokaa zinazoendeshwa kwa betri, au kwa betri na petroli pamoja, zimefunikwa kwa rangi ya chungwa, nayo ni amri ya Kanuni ya 100 ya Umoja wa Mataifa. Rangi hizo hazina mpenzi wala mnunuzi. Hazionekani ila boneti likifunuliwa, na msomaji wake ni mmoja tu, fundi mwenye koleo mkononi. Zamwambia: hapa usikate. Kijana atakaye kazi ya ufundi leo, maadamu motokaa hizo zimekwisha kujaa katika miji yetu, hana budi kuijua rangi ya chungwa kabla ya kujua jina la spana.

Kwa upande mwingine, waundaji wa sasa wamependa kukusanya kila kitu katika kioo kimoja kikubwa kama cha televisheni. Mapema mwaka 2024 kampuni ya Tesla ilitakiwa Marekani kurekebisha motokaa zipatazo milioni 2.2 kwa sababu herufi za taa za onyo, zikiwamo za breki, zilikuwa ndogo kuliko kipimo cha sheria, ambacho ni milimita 3.2. Wengine walicheka kwamba ni kosa la herufi tu. Mimi sikucheka, mtu aliyeandika neno "breki" kwa herufi ndogo kuliko apasavyo amekwisha kueleza analipa neno hilo thamani gani. Shirika la Euro NCAP, lipimalo usalama wa motokaa Ulaya, nalo limeamua kwamba kuanzia mwaka 2026 motokaa itakayo alama za juu kabisa iwe na swichi za kushikika kwa mkono kwa ajili ya kuonyesha kugeuka, taa za dharura, honi, vifutio vya kioo, na mwito wa msaada. Kioo kilicho laini hakina mahali. Kidole hakipati pa kupapasa.

Juu ya manjano ya basi la shule nitasema kidogo, kwa kuwa wengi wenu mwalijua kwa kulipanda. Rangi hiyo ilichaguliwa New York mwaka 1939, katika mkutano ulioitishwa na Frank Cyr wa chuo cha walimu cha Columbia, kwa sababu huonekana mapema alfajiri na herufi nyeusi husomeka vizuri juu yake. Imetufikia na sisi. Ni rangi njema, lakini yasema gari ni nani, haisemi linafanya nini. Mstari wa manjano wa matatu nao ni vivyo hivyo. Tusiitwike kazi isiyo yake.

Mwisho nataka kukupeleka mahali pasipo na kiwanda wala kanuni. Lori limeharibika mlimani katika barabara kuu. Sheria yataka dereva aweke pembetatu nyekundu zing'aazo, nazo, zikiwapo, ni alama iliyotungwa vyema: zina rangi, zina umbo, na usiku hurudisha mwanga wa taa. Lakini mara nyingi hazipo, zimevunjika au zimeibwa. Basi utingo hushuka na panga, akakata matawi, akayapanga juu ya lami hatua kwa hatua mpaka mbali nyuma ya lori.

Mhakiki wa rangi angesema kwamba kijani juu ya lami si rangi ya onyo. Angekosea. Kutoka Mombasa hata Malaba hakuna dereva asiyeyasoma matawi hayo, kwa kuwa jani bichi halina shughuli katikati ya lami. Limetimiza sharti la bizimu pasipo kulijua: hapana kitu kingine chochote pale chenye sura hiyo. Usiku ndipo yanaposhindwa, kwa kuwa jani halirudishi mwanga. Tena yana ila nyingine iliyo mbaya zaidi. Pembetatu huokotwa, maana imenunuliwa. Matawi hayana bei, na lori likitengenezwa huondoka likayaacha.

Nimeyaona kwenye mteremko mmoja, yamekauka, yamesagwa yakawa vumbi la rangi ya kahawa, na magari yakipita juu yake bila kupunguza mwendo, kwa kuwa madereva walikuwa wameyapita hivyo jana na juzi. Mbele yake kidogo, kabla tu ya kona, palikuwa na matawi mengine, mabichi.